Jino la mtoto mwenye kifafa na dawa ya usingizi

Mwaka juzi mama mmoja wa kigango chetu alikuja ofisini kwangu na karatasi ya hospitali. Mtoto wake wa kiume, mwenye miaka saba, ana mtindio wa ubongo na kifafa pia. Hatembei, maneno yake ni machache, na magego yake manne yalikuwa yameoza hata kubaki magofu. Alikuwa amepangiwa siku ya kulazwa kwa dawa ya usingizi, ile ambayo wengi huiita nusukaputi, ili meno yote mabovu yashughulikiwe kwa mara moja. Mama huyo hasomi sana, basi akaniomba nimsomee. Nikasoma: mtoto asile wala asinywe cho chote tangu saa sita ya usiku.

"Hata dawa yake ya kifafa, mwalimu?" akauliza. Huniita mwalimu kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kushika ukarani wa parokia.

Nikamjibu kama msomi: "Mama, karatasi yasema cho chote."

Siku ilipofika, mama akatii. Alfajiri ile mtoto hakupewa dawa yake. Wakangoja zamu barazani mpaka saa tano, na hapo kifafa kikamshika, kikamwacha, kikamrudia. Waganga wakamtuliza kwa sindano, na kazi ya meno ikaahirishwa kwa mwezi mzima. Mwezi mzima mwingine wa kulia usiku. Nilipopata habari sikuwa na la kusema, kwa maana mama aliuliza swali lililo sawa na mimi nikamjibu vibaya.

Tangu siku ile nimewauliza waganga na wauguzi, nikasoma pia niliyoweza kuyapata. Katika kila kigango wako watoto wa namna hii, wengine wamefichwa chumbani, na meno yanawaoza bila mtu kujua. Ndiyo sababu naandika.

Kwa nini meno yao huoza upesi

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi hawezi kuusogeza ulimi akasafisha mabaki ya chakula kama tufanyavyo sisi bila hata kufikiri. Uji hukaa shavuni saa nzima. Wengine hutafuna kwa shida, basi twawapa vyakula laini na vitamu siku nzima ili washibe. Dawa nyingi za maji wanazopewa zina sukari, tena hunyweshwa jioni mtoto akiwa karibu kulala. Wengine husaga meno mpaka yakalika. Na ile dawa ya kifafa iitwayo fenitoini huweza kuvimbisha fizi, zikayafunika meno nusu yake, na chini yake uchafu ukajificha.

Zaidi ya hayo, mtoto asiyeweza kusema hasemi "jino lauma". Yeye hukataa chakula, hujipiga shavu, hujiuma mkono, hulia usiku, au kifafa huzidi kwa sababu halali. Watu husema kachezewa, wengine husema ni ukaidi. Fungueni kinywa chake mtazame, ninyi wazazi, tena kwa mwanga mzuri, kabla ya kwenda kwa mtu wa kupiga ramli.

Kwa nini ganzi peke yake haitoshi

Mtoto mkubwa mwenye akili tulivu hukaa kitini, akachomwa ganzi, jino likatoka. Lakini mtoto ambaye viungo vyake hujikaza na kutikisika asipotaka, au asiyeelewa kwa nini mtu mgeni amemshika kichwa, atazibana taya zake hata akiuma vyombo. Kumshika kwa nguvu watu wanne ni kumwumiza na kumtia hofu ya maisha. Mganga naye, akifanya kazi juu ya kichwa kinachotikisika, aweza kukata ulimi au kuacha kipande cha jino kikaangukia kooni.

Tena ganzi yenyewe ina kipimo chake. Dawa ya ganzi ikizidi mwilini, yaweza kuleta kifafa hata kwa mtu asiye na kifafa. Kwa ganzi ya kawaida ya meno iitwayo lidokeini, kipimo cha juu ambacho waganga wengi wa meno ya watoto hukifuata ni miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 15, basi, asizidi miligramu 66. Kichupa kimoja cha kawaida kina miligramu 36. Vichupa viwili vizima ni miligramu 72, yaani tayari vimezidi. Kwa hiyo mtu akitaka kuchoma ganzi pande zote nne za kinywa cha mtoto wako mdogo, pasipo hata kumpandisha kwenye mizani, una haki ya kumwuliza kwanza.

Hapo ndipo dawa ya usingizi inapohitajika. Mtoto hulala kabisa, hasikii maumivu, na mganga wa meno hufanya yote kwa siku moja: kung'oa yasiyofaa, kuziba yanayofaa, na kusafisha. Wala jambo hili la meno na usingizi si la jana. Watu waliowafundisha wengine kulaza wagonjwa walikuwa waganga wa meno. Mwezi wa Desemba mwaka 1844 Horace Wells wa Hartford, kule Marekani, alijing'olesha jino lake mwenyewe akiwa amevuta gesi ya kuchekesha. Tarehe 16 Oktoba 1846 mwenzake William Morton alimlaza mgonjwa kwa dawa ya etha mbele ya waganga wa Boston. Kabla ya hapo mgonjwa aliyekatwa alifungwa kamba tu.

Je, hatalala moja kwa moja?

Hili ndilo swali la kila mzazi, na si swali la kipumbavu. Nisiwadanganye: mtoto mwenye maradhi ya ubongo yu katika hatari kubwa kidogo kuliko mtoto mzima. Lakini hatari hiyo yajulikana yatokako, na mengi ya hayo yaweza kuzuiliwa.

Wengi hudhani dawa ya usingizi huchochea kifafa. Kumbe baadhi ya dawa hizo ndizo zitumikazo hospitalini kumtuliza mgonjwa ambaye kifafa chake hakikomi! Ni kweli ziko chache zisizomfaa mwenye kifafa, na kuzichagua ni kazi ya mtaalamu wa usingizi. Lakini hawezi kuchagua vema asipojua kwamba mtoto ana kifafa.

Hatari iliyo kubwa zaidi yahusu pumzi. Fikirini kazi yenyewe. Mganga wa meno yumo kinywani, na pumzi yapita pale pale. Damu, maji na vipande vya jino vyatafuta njia ya kooni. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ana mate mengi, mara nyingi chakula humpanda kutoka tumboni, na kikohozi chake ni dhaifu, hawezi kujisafisha mapafu. Kwa hiyo mtaalamu hupitisha mpira wa kupumulia, mara nyingi kwa njia ya pua ili kinywa kibaki wazi, akazuia damu isishuke. Huweza kuweka kitambaa cha shashi kooni. Kitambaa hicho lazima kihesabiwe kikiingia na kihesabiwe kikitoka, kwa maana kikisahauliwa chaweza kumziba mtoto pumzi baada ya kazi kwisha.

Katika hospitali nyingi za wilaya dawa itumikayo sana ni ketamini. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na sifa yake ni kwamba mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe. Ni dawa iliyosaidia sana nchi zetu. Lakini huongeza mate, na kwa kazi ya kinywani, kwa mtoto ambaye tayari hutiririka mate, si jambo la kuchukuliwa hivi hivi. Yataka mashine ya kunyonya mate iwe tayari, tena ifanye kazi, si ya kupambia chumba.

Kipo pia kidude kidogo kinachobanwa kidoleni, chenye taa nyekundu, kinachoonyesha damu ina oksijeni kiasi gani. Mjapani mmoja, Takuo Aoyagi, ndiye aliyebuni njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Namba 95 mpaka 100 ni hali njema. Ikishuka chini ya 90 pana hatari, hata kama midomo ya mtoto bado haijawa ya buluu. Mzazi anaweza kuuliza bila kuona haya: "Bwana mganga, kidude cha kidoleni kipo? Oksijeni ipo? Ni nani atakayemwangalia mwanangu pumzi wakati mganga wa meno anafanya kazi?" Jibu la swali la tatu ndilo kubwa. Mtu mmoja asifanye kazi zote mbili, kulaza na kung'oa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya mambo 19 ya kukaguliwa kabla, wakati na baada ya kupasua mgonjwa, na kidude hicho kimo. Mganga mwema hatakasirika ukimwuliza. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Kama vitu hivi havipo katika kituo kilicho karibu, msikubali mtoto alazwe pale kwa sababu tu ni karibu. Najua nauli. Najua pia kuwa hospitali zenye mtaalamu wa usingizi na mganga wa meno ya watoto pamoja ni chache, na foleni ni ndefu. Mwaka 2015 tume ya wataalamu wa dunia ilihesabu kwamba watu kama bilioni 5 hawapati upasuaji na usingizi ulio salama kwa bei wanayoimudu, na sisi wa vijijini tumo humo. Lakini jino, ingawa lauma, mara nyingi huweza kungoja wiki chache kwa dawa ya maumivu. Lisilongoja ni uvimbe wa shavu au shingo wenye homa, au mtoto kushindwa kumeza mate: huyo apelekwe hospitali leo leo, hata usiku.

Na kwa mtu wa mtaani mwenye kisu au sipoku ya baiskeli asipelekwe kamwe. Bado kuna watu wanaowachimbua watoto wachanga fizi, ati wana "meno ya plastiki" yanayoleta homa na kuhara. Hayo wanayoyatoa ni machipukizi ya meno halisi ya mtoto. Naiacha habari hiyo hapa, yahitaji makala yake.

Semeni yote

Sasa nafika penye uzito. Wazazi wengi wakifika hospitali huficha kifafa. Huona haya. Wengine huogopa kwamba mtoto atakataliwa. Haya hii ni ya zamani. Bibi mganga Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipofanya kazi Mahenge miaka ya 1960 alikuta wagonjwa wa kifafa wenye makovu ya moto, na watu waliogopa kuwagusa wakidhani povu lao laambukiza. Alianzisha kliniki yao huko huko. Leo twajua kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa mate, lakini haya imebaki.

Basi mjue hasara yake. Fenobabitoni na fenitoini, dawa azinywazo mtoto kila siku, hufanya baadhi ya dawa za kulegeza misuli ziishe mwilini mapema kuliko kawaida. Valproeti huweza kupunguza nguvu ya damu kuganda, na hili latakiwa kujulikana kabla ya kung'oa meno manne, wala si baada ya damu kukataa kukauka. Chukueni vidonge vyenyewe, pamoja na maganda na chupa zake, muviweke mezani mbele ya mganga. Wala msiache kutaja dawa za kienyeji, kama mtoto anazinywa.

Yako mengine ya kusema. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, akapasuliwa mara kadhaa, huenda mwili wake unakataa mpira, hata glavu za mganga zikamletea vipele na kufunga pumzi. Kama alishawahi kuvimba midomo alipochezea puto, semeni. Mtoto wa kichwa kikubwa aliyewekewa mrija wa kutoa maji, semeni mrija upo na umewekwa lini. Na kama katika ukoo wenu wako wavulana ambao misuli yao hulegea mwaka hata mwaka wakashindwa kutembea, semeni hata kama mtoto huyu anaonekana mzima, kwa kuwa kuna dawa moja ya kulegeza misuli iwezayo kuusimamisha moyo wa mtoto wa ugonjwa huo. Hali kadhalika kikohozi na mafua. Mtoto mwenye mafua au kifua huahirishwa wiki mbili au zaidi. Nauli imepotea, ndiyo, lakini afadhali nauli.

Semeni pia kifafa chake huanzaje, hudumu kwa muda gani, na cha mwisho kilikuwa lini. Mama yule wa kigango chetu huandikiwa haya na binti yake mkubwa katika daftari la shule. Mganga akilisoma hahitaji kuuliza mara mbili.

Alfajiri ya siku yenyewe

Tumbo lazima liwe tupu, kwa kuwa mtu aliyelala akitapika, matapishi huingia mapafuni. Desturi iliyoenea ni hii: chakula, uji na maziwa ya ng'ombe, viachwe saa 6 kabla, maziwa ya mama, saa 4, maji matupu, saa 2. Uji ni chakula hata ukiwa mwepesi! Bibi mwenye huruma akimpa mjukuu vijiko vitatu kwa siri, amemtia hatarini. Kila hospitali ina utaratibu wake, fuateni saa mliyopewa, lakini ulizeni pia kama mtoto aweza kupewa maji mpaka saa 2 kabla. Kiu ya usiku kucha haina faida, na mtoto aliyekaukiwa hata mshipa wake haupatikani upesi. Ombeni awe wa kwanza katika zamu.

Na dawa ya kifafa? Kwa kawaida apewe kwa saa yake ile ile, kwa maji kidogo ya kumezea, isipokuwa mtaalamu wa usingizi ameagiza vingine. Kwa mtoto asiyemeza kidonge, kisagwe katika kijiko cha maji, si katika uji. Lakini vidonge vingine havisagwi, kwa hiyo ulizeni mapema. Mambo haya yaulizwe siku ile mnapopewa tarehe, wala msingojee kumwuliza karani. Akitapika dawa, au kifafa kikimshika alfajiri ile, mwambieni mganga mara mfikapo. Chukueni na dawa za siku mbili tatu katika mkoba, maana hospitali huenda haina hiyo aliyoizoea.

Akiisha kuamka

Hulazwa ubavu ili mate na damu vitoke nje. Watoto hawa hupoteza joto upesi, basi chukueni blanketi. Damu kidogo iliyochanganyika na mate si ajabu. Damu mbichi inayojaa kinywa ni ya kumwita mwuguzi. Mama au baba awe karibu aamkapo, kwa sababu ninyi ndio mnaojua kilio chake cha kila siku kikoje, na kilio kigeni kikoje. Msiondoke naye mpaka aamke vizuri, ameze maji, na dawa yake ya kifafa ya jioni iwe imekumbukwa. Kwa maumivu apewe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini asipewe, mtoto hafai kupewa, tena huzuia damu kuganda.

Nyumbani kazi ndiyo yaanza, kwa kuwa hakuna apendaye kurudia safari hiyo. Mkeeni nyuma, kichwa chake mapajani mwenu, mkimtazama kutoka juu, mumpige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya njegere kwa mkubwa zaidi. Asiyeweza kutema, mfuteni povu kwa kitambaa safi. Wenzetu wa Arusha na Meru, ambako maji ya sehemu nyingi yana floraidi nyingi hata meno yakageuka rangi, wamwulize mganga wa meno kwanza. Baada ya kila dawa tamu ya maji, mpeni maji ya kusuuza.

Yule mtoto wa kigango chetu alirudishwa hospitali mwezi uliofuata. Mama alimpa kidonge saa kumi na moja alfajiri, kimesagwa katika kijiko cha maji, akaandika saa ile katika daftari. Meno manne yakang'olewa, mawili yakazibwa. Alilala hospitali usiku mmoja. Jumapili iliyofuata mama alimleta kanisani mgongoni, na wakati wa mahubiri akalala usingizi mzito, mdomo wazi. Mama akaniambia nje: hiyo ilikuwa wiki ya kwanza tangu Kwaresima aliyolala mpaka asubuhi.